Sabuni kwenye Kifuniko cha Tangi

Pikipiki ilizima tena Mtaa wa Msimbazi tukienda hospitali, mwanangu tumembana katikati, pumu imembana zaidi, kifua kinapiga mluzi. Mume wangu akashuka, akatoa spana. Hapo nikachoka. Nilimwambia akiigusa tena ile kabureta, spana yake naitupa mtaroni.

Wiki kadhaa ilikuwa hivyohivyo: inawaka vizuri nyumbani, inakwenda kidogo, inakohoa, kimya. Fundi wa mtaa wa Gerezani alisema petroli ina maji. Tukaimwaga, siku zile petroli yenyewe ya kubembeleza. Mume wangu akapuliza jeti za kabureta, akabadilisha mpira wa mafuta. Na kila mara alifungua kwanza kifuniko cha tangi, achungulie kama mafuta yapo. Inawaka, anajisifu.

Safari hii nilikifungua mimi. Tangi likavuta hewa, fyuu, kama mtu aliyekuwa amekabwa. Nikakumbuka kopo la maziwa: ukilitoboa tundu moja tu, maziwa hayashuki. Nikageuza kifuniko. Kitundu chake cha hewa kilikuwa kimezibwa kwa sabuni ya mche, imeshindiliwa kwa kidole cha mtu.

Nikaichokoa kwa pini ya nepi. Pikipiki haikuzima tena mpaka hospitali, lakini tulichelewa. Midomo ya mtoto ilishageuka rangi. Wakamlaza, wakamwekea oksijeni.

Nilirudi nyumbani kuchukua kanga. Bibi mwenye nyumba alikuwa barazani. Pikipiki tulikuwa tukiilaza ukumbini kwa kuogopa wezi, naye alikuwa akilalamika kwamba nyumba yake inanuka kama kituo cha mafuta. Nikamwamkia, maana nimelelewa, kisha nikamwuliza habari ya sabuni. Hakukana.

"Mimi nimeziba harufu, mwanangu. Pikipiki yenu sijaigusa."

Na asubuhi ngapi alikaa palepale akitutazama tunairudisha kwa kuisukuma.

Nikaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Akasema yule ni mtu mzima, nirudi nikamwombe radhi, yaishe. Nikavuta kigoda nikakaa.

"Andika, mzee. Mwenye nyumba ameziba tangi letu kwa sabuni, hakutuambia. Mtoto wangu yuko hospitali, anapumulia mpira. Sikuja kusuluhishwa, nimeleta mashtaka. Akifa, isiandikwe kwamba ni pumu tu."