Siku Tuliyokwenda Kumwombea Salum Radhi

Aibu hii nimewaficheni, jamaa wa msikitini, muda mrefu, lakini kwa kuwa jirani yangu Papa Ezekieli ameshaanza kuisimulia kanisani kwao, tena kwa kutia chumvi, bora muisikie kwangu mimi niliyeitengeneza.

Mwanangu Salum ni fundi wa mashine kwenye karakana moja mtaa wa Tyseley, katika mji huu wa Waingereza tunakoishi. Jumanne moja nilipita nyumbani kwake, mtaa wa Stechford, saa za kazi, nikamkuta kamfunga mtoto kifuani kwa kanga ya mkewe, anaanika nguo. Mkewe, Rukia, alikuwa amesharudi kazini hospitali.

"Nipo likizo ya mtoto, baba. Tumepokezana na Rukia," akaniambia.

Nikaitikia tu. Wiki ya pili nikamkuta vilevile, ya tatu vilevile, na hapo badala ya kuuliza tena kama mtu mwenye akili, nikaamua moyoni kwamba kijana kafukuzwa kazi na anaona haya kusema (maana alipozaliwa yeye, likizo yangu mimi ilikuwa kikombe cha chai na kupigwapigwa begani). Nikampelekea habari jirani yangu Papa Ezekieli, Mkongo wa Bukavu, mzee wa kanisa, naye wala hakutaka ushahidi.

"Kaka, kwetu mutoto akikosa kwa patron, kwa bosi wake, bazee banaenda kuomba pardon. Vaa kostime, tuende."

Basi tukaenda, suti mbili, kofia yangu ya kiua, na sinia la visheti vya mke wangu lililofunikwa kitambaa. Tukafika saa ya chai, mafundi wote wamekaa chumba kimoja, na bosi, mama wa Kizungu aitwaye Linda, ana ovaroli yenye grisi kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Nilitaka tuzungumze naye pembeni, lakini Papa Ezekieli alishavua kofia na kuanza kwa Kiingereza cha mimbarini: sisi ni wazee, kijana wetu Salum amekosa, hatulijui kosa lenyewe ila tunalikiri lote.

"Kosa gani?" Linda akauliza.

"Lolote," nikadakia. "Mrudishe tu kazini. Wiki nzima ikishindikana, mpe hata siku nne, tutashukuru." Nikaweka visheti mezani, nikainamisha kichwa.

Mtu nyuma akaanza kucheka, wakafuata wengine. Linda akampigia Salum kwa video na kuisimamisha simu mezani, kila mtu aone.

"Baba, niambie hupo hapo."

"Nipo."

"Umevaa suti?"

"Nimevaa."

Mtoto akaangua kilio, na mimi nilitamani kumfuata. Hapo ndipo nilipoelezwa, mbele ya karakana nzima, kwamba sheria ya nchi hii inampa baba naye likizo ya kulea, na nafasi ya Salum inamngoja palepale alipoiacha.

"Lakini hizo siku nne," Linda akasema, "nani kawaambia?"

Hakuna aliyetuambia. Kumbe wiki iliyopita Salum alikuwa amemwomba, akirudi, afanye kazi siku nne, Ijumaa abaki na mtoto, kwani bila hivyo Rukia angelazimika kuacha kazi yake, na Linda alikuwa anaelekea kukataa kwa kukosa mtu wa Ijumaa. Kwenye simu Salum akawa anambembeleza mtoto bila kumtazama Linda.

Fundi mmoja mwenye ndevu, kisheti mdomoni, akainua mkono. "Ijumaa yake naichukua mimi, mradi yeye anishikie Jumatatu, nami niwe na wanangu. Nilikuwa naogopa kuomba."

Linda akatazama sinia, akatutazama sisi. "Haya. Wote wawili."

Papa Ezekieli akatoa Amina iliyotikisa vikombe, mafundi wakapiga makofi, tukatoka vifua mbele kama watu waliokwenda kuposa wakakubaliwa.

Salum alininunia siku mbili, na ni haki yake. Nimeapa sitakwenda tena kumwombea mtu radhi kabla sijamuuliza mwenyewe, na nikijibiwa, niamini. Rukia hakuninunia. Alinifunga mtoto kifuani kwa kanga ileile, akaniambia, "Baba, kamtembeze, uone hiyo likizo ilivyo."

Nimefika karibu na stesheni, mgongo unaniuma, mtoto kanitapikia shati, nasikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara:

"Kaka, nani amekufukuza kazi? Nivae kostime?"