Udongo wa Mahame

Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya ofisi ya kilimo, Kasulu, mama mmoja alipofungua kanga na kuweka mezani mche wa soya, mizizi na udongo wake. Majani yalikuwa ya manjano.

"Nimefanya ulivyosema," alimwambia bwana shamba, kijana wa Tanga aliyevaa sweta saa sita mchana. "Nilirudi kwetu bondeni, nikachota udongo wa shamba letu la soya, nikauchanganya na mbegu."

Mwaka jana watu wa kwao walihamishiwa kijiji kipya juu mlimani. Bondeni pamebaki mahame.

Bwana shamba alitumbua kwa ukucha kinundu kimoja cha mzizi. Ndani kilikuwa cheupe.

"Kikifanya kazi huwa chekundu, mama. Humu wanakaa vijidudu wanaogeuza hewa kuwa mbolea. Umewaleta salama, ila udongo wa huku juu una baridi, wanachelewa kuzoea. Subiri jua likolee."

"Kule vilikuwa vyekundu kama damu," alisema mama, akiukusanya udongo uliomwagika mezani na kuufunga tena kwenye kanga, asibakize hata punje. "Na wakishazoea huku, mwanangu, kule watapasahau?"

Kwenye kaunta ile nimesikia watu wakiuliza habari za mbolea na majembe, na wataalamu wetu hawajawahi kukosa jibu, hata pale wasipolijua. Huyu alitazama dirishani, upande wa kwao Tanga, akafunga kifungo cha juu cha sweta.