Sanda za Nyanya

Nilipokuwa mtoto, kabla meno yangu ya mbele hayajang'oka, nilijua mauti yanakaa wapi: ndani ya sanduku la Nyanya, chini ya leso zake za sikukuu. Pale palikuwa na bafta nyeupe iliyofukizwa udi, na karafuu maiti katikati ya mikunjo. Ilikuwa sanda yake mwenyewe. Kila Ijumaa akiitoa kuipunga upepo, akiitandaza kitini huku akilalamikia bei ya samaki.

Nyanya ndiye aliyenilea, katika nyumba ya mawe Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Mama alikufa akinizaa, na baba alikuwa mtu wa melini. Sikuwa na mwingine.

Huko chuoni, tulikosoma Kurani, mwenzangu Zena akaniambia, "Mtu akinunua sanda, ameshamwita Israili mtoa roho. Yuwaja tu." Zena alikuwa na miaka minane, kwangu mimi alikuwa sheikh. Siku hiyo hiyo, Nyanya alipojinyoosha baada ya adhuhuri, nikafungua sanduku, nikaifunga ile bafta ndani ya leso kuukuu, nikaifukia katika gunia la makaa chini ya ngazi. Israili akija, niliwaza, ataona nguo hakuna, ataondoka zake.

Siku ya tatu akafa Bi Rukia, jirani yetu wa chini aliyekuwa akipika mbaazi za kuuza. Hakuwa na mume wala mwana. Wanawake wakapanda kwa Nyanya: mwosha ameshafika, maji tayari, mazishi ni leo leo, na sanda hakuna. Nyanya akaenda sandukuni. Nikamsikia akipekua.

"Nani kafungua hapa?"

Nilikuwa nyuma ya mlango. "Ni mimi, Nyanya."

"Na nguo yangu iko wapi?"

"Makaani."

"Makaani! Wataka nizikwe kama mshikaki?"

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa buibui. Mimi nikaangua kilio. Nikasema sitaki afe, Zena amesema Israili yuwaja. Nyanya akaketi juu ya sanduku, akanivuta magotini, na maiti yuko chini angoja.

"Sikiza, mjukuu wangu. Siiweki kwa kuwa nina haraka. Siku zote kuna mwenzio atakayetangulia naye hana. Ukimvika yako, mauti hupita mlangoni pako, yakaona huna nguo ya safari, yakakuacha kidogo. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa na wazee wetu. Hii kwangu itakuwa ya tatu kuitoa. Haya, nenda ukailete."

Nikaileta mbio. Ncha moja ilikuwa imeingia weusi. Nyanya akaikata kwa mkasi.

"Yatosha," akasema. "Bi Rukia alikuwa mfupi, Mungu amrehemu. Kirefu kilikuwa ulimi."

Basi tangu hapo sikuliogopa tena lile sanduku. Nilianza kuvizia misiba. Mzee wa mtaa akikohoa, mimi natega sikio. Nyanya akanunua bafta mpya, akaitoa nayo, na nyingine tena, na kila alipotoa nilijua nimeongezewa Nyanya. Akaniozesha. Akawapakata wanangu watatu. Akawazika ndugu zake wote, akaishi hata akasahau majina ya watu aliowavika.

Mwaka wake wa mwisho akawa hashuki ngazi. Bafta ilikuwa imekaa sandukuni muda mrefu, na hapakuwa na wa kupewa. Wengi walikuwa wamehamia ng'ambo, wakizikwa huko huko, na msikiti ulikuwa na sanda zake za kuwapa wasio nazo. Hakuna tena aliyepanda kwetu kuomba.

Nikaanza kuwatafuta mimi. Palikuwa na kikongwe mmoja uchochoro wa pili, mgonjwa, hana watu. Nilimpelekea uji mara tatu katika wiki moja, na Mungu ajua nilichokuwa nikikitafuta usoni mwake.

Siku moja nikimlisha Nyanya, akanishika mkono.

"Yule mgonjwa wako hajambo?"

"Hajambo. Apata nafuu."

"Alhamdulillahi. Sema na wewe."

Nikainamia sahani.

"Sema, mwanangu."

Nikasema. Neno lilitoka kwa shida, kama mwiba wa samaki. Yeye akafumba macho, akaendelea kutafuna.

Siku nne baadaye tulimvika Nyanya ile bafta mwenyewe.

Wajukuu wangu huniuliza kama maneno yale ya wazee yalikuwa ya kweli. Najua tu kwamba Nyanya alikuwa akitoa, wala hahesabu; mwenye kuhesabu nilikuwa mimi. Sasa mimi ni mtu mzima wa miaka sabini na ushei, na ningedhani nimekoma. Lakini kipaza sauti cha msikiti kikitangaza maiti, moyo wangu hutangulia kufurahi, kidogo tu, ndipo ukumbuke kwamba sina tena wa kuongezewa.