Tulivyoongeza ndege za jeti kwenye gemu, nikaanza kumshuku mwenzangu wa Lituhi

Wakuu, salaam. Poleni na majukumu.

Nina kisa changu, kimenitokea mimi mwenyewe, na nitakieleza chote hata pale kinaponiumbua. Majina nimebadilisha. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mbinga. Nafundisha Fizikia. Nina mke, watoto wawili, shamba la kahawa la urithi kule Kitura, na ulevi mmoja tu: gemu la ndege za kivita kwenye kompyuta.

Si gemu la kufyatua risasi hovyo. Hili ni simulation. Ukikosea hatua za kuwasha injini, haiwaki. Ukivuta fimbo kwa pupa, unaanguka na unaanza upya. Ni la zamani, la bure, na linaruhusu mtu yeyote kuongeza ndege zake na hata ramani yake.

Kasoro yake ilikuwa moja. Lilikuwa na ndege za pangaboi tu, zile za Vita Kuu ya Pili.

Tuna grupu la Watanzania tunaolicheza, watu kama arobaini. Siku moja nikatupa wazo: kwa nini tusiongeze jeti za mwanzo kabisa? Wote wakashangilia. Kufika kwenye kufanya kazi, tukabaki wawili. Mnajua wenyewe magrupu yalivyo.

Tulianza na Meteor na Vampire, jeti za Waingereza. Mama watoto aliposikia jina la hiyo ya pili, yaani mnyonya damu, alitaka laptop ipelekwe parokiani ikanyunyiziwe maji ya baraka.

Huyo mwenzangu alikuwa anajiita Injini Baridi. Nilijua anaishi Lituhi, kando ya ziwa, basi. Hatukuwahi kuonana. Kwa jinsi alivyokuwa anauliza maswali kwa adabu nikajua ni kijana, nikawa namwita "dogo". Hakuwahi kukataa.

Tukagawana. Mimi nichore umbo la ndege, rangi na vioo. Yeye ashughulike na injini na milio. Mafaili yote tukayaweka sehemu moja mtandaoni, kila mtu anaweza kufungua na kurekebisha.

Ramani nayo tuliichora wenyewe, kuanzia milima ya Umatengo mpaka ufukweni, Lituhi kwa kaskazini na Chiwanda kwa kusini. Kila mtu akajiwekea uwanja wa ndege kwao. Mimi wangu Kitura, juu mgongoni mwa kilima, pembeni ya kahawa za marehemu baba. Yeye wake Lituhi, hatua chache kutoka kwenye maji. Hakuna aliyetulazimisha, ni mapenzi ya nyumbani tu.

Sasa sikilizeni mambo yalipoanza kuharibika.

Meteor ilipokuwa tayari nikaijaribu pale Kitura. Nikaipa moto. Ikakimbia, ikakimbia, uwanja ukaisha, ikaingia kwenye kahawa na kulipuka. Nikarudia mara sita. Mara sita kahawa ya mzee inaungua.

Nikafungua faili la injini. Ni faili la maandishi tu, limejaa namba. Nikaongeza namba ya msukumo. Ikaruka vizuri. Nikafurahi, nikalala.

Baada ya siku mbili nikaijaribu tena. Ikaingia kwenye kahawa.

Nikafungua faili. Namba imepunguzwa, na hakuna ujumbe. Hata "mwalimu, nimegusa hapa" hakuna.

Nikasema labda ni bahati mbaya, nikaongeza tena. Kesho yake imepunguzwa.

Wakuu, hapo ndipo mdudu aliponiingia.

Nikaanza kukumbuka mambo. Wiki ile ile alikuwa ameniomba michoro yote ya asili, ile ambayo haijabanwa. Ya nini, kama kazi yake ni injini? Halafu aliwahi kurusha kwenye grupu picha ya Vampire ikiwa juu ya ziwa, bila kunitaja. Watu wakampongeza yeye. Alijibu "tunashukuru", lakini mimi niliona "nashukuru" tu. Mtu akishaanza kushuku, hata salamu anaipima.

Nikapata picha kamili kichwani. Huyu anaiharibu ndege kwa makusudi ili kila mtu aone kazi ya mwalimu haifai. Nikikata tamaa, atachukua michoro yangu, ataweka injini nzuri aliyoificha, ataitoa kwa jina lake. Kazi yangu ya mwaka mzima!

Mtaniuliza kwa nini sikumwuliza. Ni kweli, ningemwuliza ingechukua dakika moja. Lakini nilitaka kumnasa. Nikawa namwandikia vizuri tu, "dogo mambo vipi, kazi inaendaje", huku moyoni nimemfungulia mashtaka. Naye anajibu vizuri tu, "salama mwalimu, inaendelea". Nikazidi kuamini ni mjanja.

Mke wangu aliniambia, "Baba Neema, si umpigie simu huyo mtu?" Nikamwambia hajui mambo ya mtandaoni.

Nikatega mtego. Asubuhi ya Jumamosi nikaongeza tena msukumo, safari hii kwa namba ya ajabu, yenye desimali nne ambazo hakuna mtu angeziweka kwa bahati. Nikapiga screenshot. Saa tisa alasiri nikafungua: imebadilishwa, na mfumo unaonyesha aliyebadilisha ni Injini Baridi.

Nikapiga screenshot ya pili. Nikaziunganisha zote mbili, nikachora duara jekundu kwenye jina lake, nikazitupa kwenye grupu. Juu yake nikaandika: HUYU NDIYE MWIZI ANAYEHUJUMU JETI ZETU.

Mnaufahamu moto wa grupu. Watu ambao hawakuwahi kuchora hata tairi wakawa mahakimu. Mmoja alikuwa anamfahamu nje ya mtandao, akaandika jina lake halisi na kwamba ana duka Lituhi. Wakasema atolewe. Admin akamtoa. Picha, sasa ikiwa imeandikwa na jina lake halisi, ikasambaa kwenye magrupu mengine mpaka kwenye kurasa za wazi za mtandaoni. Niliona raha, siwezi kuwaficha.

Jioni akanitumia ujumbe mmoja: "Mwalimu, ukipata nafasi karibu Lituhi tuzungumze."

Mimi nikasoma kama kitisho. Eti karibu Lituhi! Nikasema nitakuja, tena na ushahidi wangu kwenye flash.

Shule zilipofungwa nikaenda. Nilipitia Kitai, nikapata gari linaloelekea ziwani, nikala vumbi la malori ya makaa ya mawe njia nzima, huku nafanya mazoezi ya maneno makali. Pale Lituhi nikauliza duka. Mtoto wa kwanza tu akanionyesha, kila mtu analijua.

Duka la nyavu, taa za sola, sabuni na chumvi. Ndani amekaa mzee wa makamo, kofia kichwani, miwani imeshuka puani. Nikamwambia namtafuta Injini Baridi.

"Ndiye mimi. Karibu, Mwalimu."

Wakuu, mtu niliyekuwa namwita dogo ni wa umri wa kunizaa. Maneno yangu makali yote yakayeyuka, nikajikuta nasema "Shikamoo." Akaitikia "Marahaba", akanivutia kiti. Nitamwita Mzee Shabani hapa.

Hakutaka ugomvi. Kwanza niletewe maji, ninawe, nile. Nikala ugali na mbasa, samaki wa ziwa lao, na bado namshuku. Nikawaza ananilainisha.

Tulipomaliza akafungua laptop juu ya kaunta, kati ya mizani na maboksi ya sabuni. Akaweka ile namba yangu ya ajabu. Akasema, "Rusha mwenyewe."

Nikakaa. Uwanja wa Lituhi, ziwa liko mbele. Nikaipa moto taratibu, maana injini za jeti hizo ukizisukuma ghafla zinazima. Haikufika hata nusu ya uwanja, ikajinyanyua yenyewe. Sikuwahi kuiona hivyo. Ikazidi spidi, ikazidi, mpaka mabawa yakang'oka, nikaishia ziwani.

Akarudisha namba yake. Nikarusha tena. Ikaruka kistaarabu, kama vitabu vya marubani vinavyoeleza.

Nikamwambia, "Lakini kwangu hiyo namba yako haipandi kabisa."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kwako unarukia wapi?"

"Kitura."

Akaweka kidole kwenye ziwa, pale kwenye skrini. Hapo ndipo nilipopata akili.

Mlimani hewa ni nyepesi. Injini ya jeti inakula hewa, ikipata kidogo inachoka, na mabawa nayo hayapati cha kushikilia. Jeti za mwanzo zilikuwa goigoi, zilihitaji uwanja mrefu hata kule chini. Mimi nilikuwa nazirusha kwenye kauwanja kafupi mgongoni mwa kilima. Namba zake zilikuwa sahihi siku zote. Kilichotakiwa ni mimi kurefusha uwanja.

Na mgandamizo wa hewa kupungua kadiri unavyopanda ni somo ninalofundisha. Nalichora ubaoni, kilima upande mmoja na ziwa upande mwingine.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, akawa anabadilisha kimya kimya.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Nikaona nikikuambia umekosea nitakuvunjia heshima. Nikawa nasahihisha tu pembeni, nikijua utaona na utaelewa."

Ile michoro ya asili aliniomba kwa sababu niliwahi kulalamika laptop yangu inazimazima. Aliogopa kazi yangu itapotea, akataka kuniwekea akiba. Alikuwa nayo kwenye flash, imeandikwa "Mali ya Mwalimu".

Nililia wakuu. Mtu mzima, kwenye kaunta ya duka, wateja wanaingia kununua chumvi.

Aliniambia jambo moja bila kupandisha sauti. "Wavuvi wa Chiwanda wananiagiza nyavu kwa simu, hawajawahi kuniona. Wanategemea jina langu tu. Juzi mmoja kaniuliza, Mzee, ni wewe yule mwizi wa kwenye picha? Alikuwa anatania. Lakini tangu siku hiyo hajaniagiza tena."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akaninyanyua, akasema yameisha.

Nilirudi Mbinga nikaandika maelezo marefu kwenye grupu. Waliosoma ni wachache. Picha ya mwizi ilitembea magrupu mangapi sijui, maelezo yangu hayakutoka hata kwenye lile letu. Kuna aliyenijibu "poa mwl". Basi.

Jeti zimekamilika, na zinaruka na injini zake. Kwenye ukurasa wa mwanzo niliandika jina lake halisi, juu ya langu, herufi kubwa. Nikampelekea aone.

Akanishukuru, kisha akaniomba niliondoe. Kwa sababu mtu akilitafuta jina lile mtandaoni, kitu cha kwanza kutokea ni screenshot yangu yenye duara jekundu.

Nimeliondoa. Kazi nusu ni yake, na haina jina lake popote.

Nilichojifunza ni hiki: ukimshuku mtu, mwulize yeye kabla hujawaambia watu arobaini. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja.

Mliopitia kama haya, niambieni mlisafishaje jina la mtu baada ya kulichafua, maana mimi nimekwama. Matusi pia nayapokea. Na kama unayo ile picha kwenye simu yako, mkuu, ifute sasa hivi kabla hujanijibu.