Roho Moja kwa Kikombe cha Chisense

Mashua ya kwenda kisiwa cha Chisenga haijajaa, na nahodha amekataa kuondoka na abiria saba. Kwenye gati la Nchelenge watu wamekaa juu ya magunia ya chumvi, wanaangalia Ziwa Mweru. Waliochoka kuangalia maji wanasogea kwenye meza ya Emilienne Kasongo.

Juu ya meza kuna mashine ya michezo ya kijivu, inayotosha mikononi mwa mtu mmoja. Ubavuni mwake zinatoka nyaya mbili, zinaingia kwenye kipande cha mwanzi. Ndani ya mwanzi zimepangwa betri nne kubwa za tochi. Betri ndogo ambazo mashine inazitaka ni ghali na huisha upesi. Hizi kubwa Emilienne huzianika juu ya bati, zikapata nguvu kidogo tena.

"Roho moja, kikombe kimoja," anamwambia abiria mgeni, akiinua kikombe cha plastiki.

Kikombe ni cha chisense, vidagaa vikavu vya ziwa hili. Asiye na chisense hulipa kwacha mia mbili. Kwa malipo hayo anacheza mpaka ashindwe. Kwenye kioo matofali yanaanguka, naye anayapanga yasifike juu. Yakifika juu, roho imeisha. Anainuka, anakaa mwingine.

Utaratibu huo aliuweka mumewe, Florent, fundi wa redio. Walivuka pamoja kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na mashine aliinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anarudi kwao. Florent alifariki mwaka jana, mvua zilipoanza. Emilienne, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, bado husema "tunafungua" na "tunafunga", ingawa anafungua na kufunga peke yake.

Ni utaratibu mzuri, ila una tundu. Tundu hilo linaitwa Royd.

Royd Chansa ni mvuvi wa hapa Nchelenge. Amecheza matofali hayo mpaka vidole vyake vinaenda vyenyewe. Leo amelipa kikombe kimoja tangu asubuhi, na bado amekaa. Nyuma yake foleni inanung'unika.

"Inuka basi, we Royd!" anapiga kelele mwanamke mwenye beseni.

"Mayo, mama yangu, mi sijakufa!" Royd anajibu bila kuinua macho. "Mutu anazikwa akiwa muzima?"

"Unamuona?" Emilienne anamwambia yule mgeni. "Mutu akiisha kujua muchezo, ananikula miye. Analipa roho moja, anakaa nayo mpaka mashua inaenda. Na sasa ba Royd biko bengi."

Zamani meza ilimpa vikombe ishirini kwa siku. Sasa akipata vinane anashukuru. Mbona hatozi kwa dakika? Alijaribu wiki moja. Kila mtu alikuja na saa yake, na kila saa ilisema lake. "Nikamunyang'anya mutu mashine angali anashinda, akalia kama mutoto. Ile haiko kazi, ile ni bwizi."

Dawa aliyoiona ni moja: mchezo mpya, ambao hakuna aliyeuzoea, ili watu waanze tena kushindwa. Na aliutaka kabla ya Desemba. Desemba uvuvi hufungwa mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaane, na wavuvi hukaa bila kazi. Miezi hiyo ndiyo meza ingemlisha, kama ingekuwa na kitu kipya.

Akamwagiza Jean-Claude, anayeleta vitenge kutoka Lubumbashi na kurudi na samaki. Akamwambia, "Uniletee kaseti mpya." Ng'ambo, kile kipande cha mchezo kinachochomekwa kwenye mashine huitwa kaseti.

Jean-Claude alirudi na kaseti tatu za kwaya.

"Bon, Mama, uliomba kaseti, nikaleta kaseti!" anajitetea hadi leo, na watu gatini bado wanamcheka. "Nikajua uko na matanga, unataka nyimbo za Mungu."

Safari ya pili Emilienne alimpa mchezo mmoja aende nao kama mfano. Alikuwa na miwili tu, kwa hiyo wiki zote hizo meza ilibaki na matofali, na matofali yalibaki na Royd.

Leo Jean-Claude ameshuka kwenye boti ya mchana. Anatoa kifurushi katikati ya vitenge, lakini uso wake si wa mtu aliyeleta habari njema.

"Mama, kule muuzaji alinicheka. Alisema mashine yako ni maiti. Kumetoka ingine, iko na rangi. Batu banaacha ya kijivu. Alinipa hii nyeusi, anaapa inaingia kwa zote mbili, ya rangi na ya zamani. Miye sijui. Muuzaji ni muuzaji."

Emilienne anaiweka kaseti nyeusi kando ya ile ya kijivu iliyokwenda kama mfano, anazipapasa kwa dole gumba. Juu ya kila moja kuna pembe iliyokatwa, mahali ambapo kitufe cha kuwashia huingia.

"Banakata pembe bure?" anauliza, kama anayejiuliza mwenyewe. "Aliyeitengeneza alikuwa angali anafikiri mashine yetu."

Royd mwenyewe anamwachia mashine; Emilienne anachomoa matofali, anachomeka ile nyeusi, anawasha. Kwenye kioo kinatokea kibao cheusi tu, mashine inaganda.

"Maiti," anasema Royd.

"Puliza, Mama!" wengine wanashauri.

"Hapana kupuliza. Mate inaozesha chuma, Florent alikataza." Anaichomoa, anafuta meno ya chuma ya kaseti kwa ncha ya kitenge, polepole, jino kwa jino. Anaichomeka tena.

Mlio mdogo unasikika. Kwenye karatasi ya kaseti kuna mtu mwenye koti la njano. Kwenye kioo ametokea wa kijivu, anakimbia juu ya mapaa.

"Rangi iko wapi?" anauliza Jean-Claude.

"Rangi, tutabaki na yako ya vitenge. Nani anaanza?"

Anaanza Royd, bila shaka. Anakunja mikono ya shati. Mtu wa kijivu anaruka paa la kwanza, anakosa la pili, anaanguka.

"Roho imeisha!" inapiga kelele foleni nzima, na mwanamke mwenye beseni anacheka mpaka anaketi chini. Royd anaangalia kioo, kisha anachota kikombe kingine. Naye anaanguka tena palepale.

Emilienne hachezi kamwe. "Minaangalia sura za batu," anasema. Safari hii haangalii sura. Amemgeukia Jean-Claude, anayefunga mzigo wake.

"Jean-Claude, bale batu ba Lubumbashi benye kununua ya rangi, ile ya kijivu banaipeleka wapi?"

"Nani anajua? Banaiuza bei ya chumvi. Benye kuitupa biko."

"Basi uniokotee mbili. Moja nitamupa shemeji yangu Ennie, aweke meza kule Puta wakati bavuvi banakaa bure. Ingine itaenda Chisenga. Na kaseti nyeusi, kila yenye utaona iko na pembe imekatwa, uniletee." Anamshika mkono asiondoke. "Sema mbele ya batu, Jean-Claude: unaniletea nini?"