Nilinyamaza Panya Wasisikie

Jamani, nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Jina langu liacheni. Mimi ni mke wa mtu, naishi kijijini huku upande wa Kidodi, na balaa langu lote lilianza na tonge la ugali.

Panya walikuwa wametushinda! Walitoboa magunia ya mahindi, wakala mpaka sabuni. Siku walipomng'ata mwanangu kidole cha mguu, huku wanampulizia asisikie maumivu, nikasema basi. Nikaenda gulioni kununua sumu.

Muuzaji akaniambia, "Dada, ukishaitega usimtajie mtu humo ndani. Panya wanasikia. Ukiitaja tu, hawaigusi."

Na sisi huku wote tumekua tukiambiwa hivyo. Nikachanganya sumu na ugali na dagaa, nikaweka kwenye kisahani cha bati nyuma ya magunia, nikafunga mdomo. Watoto niliwakataza kuingia chumba kile bila kusema kwa nini. Lakini mama mkwe, ambaye tunaishi naye? Kumkataza mama mkwe chumba cha nyumba yake mwenyewe ningeanzia wapi! Nikaondoka zangu kwenda mtoni kufua.

Niliporudi, kile kisahani kilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, kimeoshwa, kinang'aa.

"Mama, hiki kisahani umekitoa wapi?"

"Si huko nyuma ya magunia mlikouacha ugali? Chakula hakitupwi, mwanangu. Nimempa mbwa wa Baba Lemayani."

Baba Lemayani ni jirani yetu, Mmasai, boma lake liko ng'ambo ya shamba letu, na mbwa huyo ndiye aliyekuwa akilinda ndama wake. Ningesema pale pale! Badala yake nikasema, "Sawa, mama," nikaenda kukizika kisahani nyuma ya choo.

Mbwa alikufa. Jioni hiyohiyo Baba Lemayani akaja, akasimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Bibi, watoto wangu wamekuona ukimlisha. Kama hamtutaki hapa, semeni. Mbwa amekosa nini?"

"Nimempa chakula tunachokula sisi wenyewe, haki ya Mungu!" Mama akanigeukia. "Si ndiyo, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo! Neno hilo ndilo lililonifungia mlango kwa nje.

Tangu hapo mke wa Baba Lemayani, aliyekuwa akituletea maziwa, akawa anapita bila salamu. Watoto wake nao hivyohivyo. Mama mkwe wangu, mtu mzima mwenye mvi, anakaa barazani anasubiri shikamoo, haiji. Majirani wengine nao wakaanza kukataa chai yake, mara wameshiba, mara wana haraka. Mume wangu anakata miwa Ruaha, haonekani sana nyumbani. Akanipigia simu: "Wewe ulikuwepo. Unajua lolote?" Nikasema sijui. Kila nilipotaka kusema ukweli nilijiuliza, watu wakisema mbona jana hukusema, nitawajibu nini? Basi naahirisha, na kesho yake inakuwa vigumu zaidi.

Mwishowe mama akafungasha vitu vyake, akahamia kwa binti yake Mabwerebwere, Kilosa mjini. Nilimsindikiza stendi. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe peke yako ndiye uliyeniamini."

Nilitamani ardhi ipasuke! Nikanyamaza tena, na basi likaondoka naye.

Siku hizi ananipigia Jumapili akitoka kanisani. "Panya wamepungua?" ananiuliza. Namjibu, "Wamepungua, mama." Uongo mwingine huo! Wanakimbizana juu ya kenchi hata sasa ninapoandika, na wao wanatoka na kuingia wanavyotaka. Aliyenasa humu ndani ni mimi.

Wanawake wenzangu, nawaomba. Sumu ikiingia nyumbani kwako, itaje! Mwambie mama mkwe, waambie watoto, mpigie kelele jirani mwenye mbwa na mwenye kuku. Usifunge mdomo kama mimi, maana ukishaufunga hujui utaufungua lini. Panya wakisikia, waache wasikie.