Mizani ya Nakasero na Abiria Aliyebaki

Mbuzi kumi na mmoja, madumu manne ya asali, kitenge kimoja alicholetewa marehemu mke wangu na saa ya mkononi. Hiyo ndiyo gharama yote ya jambo hili hadi sasa, na nimehesabu mara mbili. Aliyelipa si mimi. Mimi nimelipwa, na sijui nimelipwa kwa nini.

Vijana mnaopanda ndege leo mnaweka begi juu ya mashine na nambari inawaka. Sisi, enzi za utawala wa kijeshi Uganda, tulipima watu. Siku yangu ya kwanza katika kazi hiyo nilikabidhiwa mizani ya magurudumu, ile ya kupimia magunia ya kahawa, nikaambiwa niisimamishe uani nyuma ya ofisi ya kampuni ya ndege, Nakasero, kabla abiria hawajafika. Nilikuwa nimetoka kwenye ghala la kahawa Bugolobi, chini ya meneja mmoja aliyenifundisha kwamba mizani haina rafiki. Kabla ya hapo nilipima samaki wakavu sokoni. Kwetu ni Kakamega, ila tumbo langu lilihamia Kampala mapema.

Kampuni ilikuwa na ndege moja, na ndege yenyewe ilinichanganya tangu mwanzo. Ilikuwa ya injini mbili, ya zamani, iliyoundwa kufundishia wanajeshi kuruka na kudondosha mabomu. Pua yake iliwahi kuwa ya kioo, mwanafunzi alilala humo kifudifudi akichungulia chini. Walipoigeuza ya kiraia waliiziba kwa bati na kuifanya sehemu ya mizigo. Nyuma walifunga tundu la bunduki na kupanga viti vinane. Lakini waliogeuza hawakumaliza kugeuza. Kulikuwa na swichi ambazo ukizibonyeza hakitokei kitu, na nyaya zilizopita ukutani zikaishia hewani. Askari wa lindo uwanjani Entebbe, ilikolala, walikuwa hawajui waipigie saluti au waikague.

Ilikuja na hati mbili za uzito mtupu, yaani uzito wa ndege bila mtu, bila mzigo, bila mafuta. Moja ya jeshi, moja ya kiraia, na hazikukubaliana. Tukaikokota juu ya mizani tatu, kila gurudumu na yake. Tukapata jibu la tatu.

“Nitumie lipi?” nilimuuliza Kapteni Musoke, rubani na bosi wangu. Alikuwa amejifunzia kuruka katika ndege ya aina ile ile.

“Lile kubwa,” akasema. “Kilo ya uongo haijaua mtu. Iliyofichwa ndiyo mbaya. Na wanene wakae mbele, karibu na mabawa. Huyu bibi mkia wake mzito, ukimwongezea nyuma anakaa chini kama mbwa.”

Ndiyo ilikuwa kazi. Kila abiria anapanda mizani na mzigo wake, naandika, najumlisha, najumlisha tena, nampangia kiti. Uzito ukizidi, mpimaji ndiye anayetaja kitakachobaki. Kapteni aliheshimu sheria hiyo kuliko sheria nyingine yoyote iliyokuwepo nchini wakati ule, na zilikuwa zimebaki chache.

Asubuhi moja tulikuwa na safari ya kaskazini. Abiria walikuwa wanane, wote waliolipa nauli, na nilikwisha kuwapima saba. Mmoja alikuwa karani wa serikali, Bwana Onzima, mkaazi wa magorofa ya Bugolobi, anakwenda kumwona mama yake mgonjwa. Mwingine alikuwa Mama Atieno, Mkenya mwenzangu, mfanyabiashara wa vitambaa. Na mizigo yao, kila mmoja wa hao wawili alikuja kilo themanini na moja. Wa nane alikuwa Meja, naye alifika mwisho, na sanduku la chuma lililobebwa na askari wawili wanaotweta.

“Afande, tafadhali panda mizani.”

“Wewe mtu ya Nakasero, mimi iko ng'ombe?”

“Hapana, Afande. Ng'ombe hatumwombi tafadhali.”

Abiria waliinamisha vichwa. Meja akacheka.

“Andika sabini,” akasema.

“Afande, sabini ni ukivua kiatu na mguu wake.”

“Themanini. Mwisho.”

“Themanini na mkanda mkononi.”

Sokoni, jirani na wauza ng'ombe, nilizoea kukadiria fahali kwa macho, na macho yangu yalisema mia na nne. Tulipatana tisini na tano. Mimi nikaandika mia na nne. Sanduku nilipima, maana sanduku halina cheo. Nikajumlisha. Tulikuwa tumezidi kwa kilo sabini na kitu. Nikajumlisha tena, ikabaki vile vile.

“Sanduku libaki, lije safari ijayo,” nikasema.

“Sanduku hiyo iko naenda,” akajibu Meja, na safari hii hakucheka.

Nilimtazama Kapteni. “Shusha mtu,” akasema taratibu.

“Nani?”

“Wewe ndiye mwenye mizani.”

Wengine watano walikuwa familia moja, wakipeleka mtoto wao kubatizwa. Ukimtoa mmoja umewatoa wote. Wakabaki wawili, Onzima na Mama Atieno, kilo zao sawasawa. Nikamshusha Onzima.

Alivua kofia yake. “Sawa, bwana,” akasema. “Basi safari ijayo.” Hakuuliza hata kwa nini.

Hapo Meja akageuka. “Hapana. Shusha huyo mama. Karani akae.”

Sijui ni nini kilichonipanda. Nikasema, “Afande, nimeshapanga viti. Nikibadilisha, nianze kupima upya, na wewe pia upande.”

Kapteni akawasha gari la kuwapeleka Entebbe. “Mpimaji akishasema, ameshasema,” akamwambia Meja. “Au unataka tuanguke na sanduku lako?” Meja akatazama sanduku, akatazama karani, akapanda gari.

Jioni Kapteni alirudi, akanikuta nyumbani kwangu Bwaise nikitoa maji ya mafuriko kwa karai. Uso wake ulikuwa wa jivu. Kule uwanjani kaskazini, akasema, kulikuwa na gari la watu wa usalama likisubiri, na walimtaka abiria mmoja kwa jina lake. Onzima. Meja alikuwa ndiye wa kuwaonyesha. Kapteni alipofika Kampala hakuja kwangu kwanza. Alipita magorofani, akamwambia Onzima asilale kwake usiku ule, akampa na nauli ya Busia, mpakani na Kenya. Mimi nilisimuliwa tu, nikiwa na karai mkononi.

Onzima alivuka mpaka. Utawala ule ulipoanguka, akarudi, akanitafuta na mbuzi wa kwanza. Kapteni Musoke hakuwepo kupokea shukrani. Alikwenda ng'ambo na kufia huko. Na Onzima ana hesabu yake mwenyewe: kwamba nilijua, kwamba nilibishana na Meja ana kwa ana ili kumwokoa, na kwamba Kapteni alimwendea jioni ile kwa kuwa nilimtuma.

Nimemwambia kwamba sikujua lolote. “Mzee Wafula,” anasema, “watu wakubwa ndivyo wanavyosema.” Kila nikikana, zawadi inaongezeka. Ni biashara pekee maishani mwangu ambapo muuzaji ameshusha bei na mnunuzi akaipandisha.

Baadaye nilirudi kwenye kahawa, nikastaafu nikiwa mpimaji mkuu wa ghala, na kwa miaka mingi nimekaa na swali hili. Kwa nini nilimshusha yeye? Kilo hazikuchagua, zilikuwa sawa. Jibu la kwanza ni hili, na hilo sijawahi kumwambia: Mama Atieno angepiga kelele hadi soko zima la Nakasero lingekuja, na Onzima alikuwa mpole. Nilimshusha kwa sababu hangebisha. Basi. Watu wapole ndio tunaowashusha siku zote.

Na kwa nini nilikataa Meja aliponiambia nibadilishe? Mazoea ya soko, nadhani. Mnunuzi akikazania kitu kimoja, mkono wako unakifunika wenyewe kabla hujafikiri. Lakini pengine niliona jinsi Meja alivyomtazama yule karani. Pengine mkono ulijua na kichwa hakikuambiwa. Siku nyingine nina hakika niliona. Siku nyingine nina hakika kwamba naanza kuamini hadithi ya Onzima kwa kuwa ni nzuri kuliko yangu.

Sasa juzi mwanawe amenipigia simu. Amepata mtoto wa kiume, na ukoo umekubaliana aitwe Wafula, jina la Kiluhya kule kwao kaskazini. Wananisubiri mwisho wa mwezi nimshike mtoto mbele ya watu na kusimulia asubuhi ile kwa mdomo wangu mwenyewe. Onzima amezeeka, moyo wake si mzuri, na atakuwa amekaa mstari wa mbele.

Ninyi mnaosoma hapa, mliojaliwa vichwa vilivyotulia, nishaurini. Nikubali mtoto aitwe Wafula, au nisimame nimwambie yule mzee kwamba jina ni Musoke?